Kabla ya Kupiga Window

Mazungumzo ya leo yanahusu kompyuta ya nyumbani inayokataa kuwaka sawasawa, na hasa yanahusu maneno mawili ambayo mwenye kompyuta huyasikia mara tu anapoifikisha kwa fundi: piga window. Ukipita vibanda vya Kariakoo, ukipita Luthuli Avenue kule Nairobi, maneno ni hayo hayo. Imeganda kwenye nembo, inapigwa window. Imetoa kioo cha bluu, inapigwa window. Inajizima na kujiwasha yenyewe usiku kucha, inapigwa window. Maana yake ni kufuta kilichomo kwenye diski na kupakia mfumo endeshi upya, na kweli mashine nyingi hurudi nyumbani zikiwaka kama zilivyotoka dukani. Shauri langu ni kwamba tiba hii iwe ya mwisho na si ya kwanza, kwa sababu mara nyingi kompyuta imeshaonyesha yenyewe inapoumwa, na kinachofutwa ndicho kitu pekee ndani yake ambacho hakuna duka linalokiuza.

Tutazame kwanza kilichomo ndani ya mashine hiyo. Kioo kikipasuka kinanunuliwa kingine. Chaja, kibodi, RAM, hata diski yenyewe, vyote vina bei na vyote vina mbadala. Windows yenyewe hupakiwa tena bila kupungua chochote. Lakini rasimu ya tasnifu ambayo mwanafunzi ameihangaikia mwaka mzima, daftari la mauzo na madeni ya duka, picha za arusi, sauti ya babu aliyerekodiwa kabla hajafariki, hivyo havina ghala. Tunapokubali diski ifutwe kabla ya uchunguzi, tunavitoa vitu hivi ili tuokoe kitu ambacho kingepatikana tena kwa urahisi. Sidhani kuna mwenye kompyuta anayekubaliana na hesabu hiyo akielezwa waziwazi. Shida ni kwamba haelezwi, na yeye hajui la kuuliza.

La kuuliza ni hili: imekwamia wapi? Kompyuta haiwaki kwa mkupuo mmoja. Ni kazi ya kupokezana kijiti. Ukibonyeza kitufe, umeme hufika kwanza kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine. Kisha programu ndogo inayoishi kwenye chipu ya mazabodi hiyo, BIOS kwa mashine za zamani na UEFI kwa za sasa, hukagua viungo vya lazima: prosesa ipo, RAM ipo, kadi ya picha ipo. Ukaguzi huu si jambo geni. Kompyuta ya IBM iliyotolewa Agosti 1981, ambayo ndiyo babu wa nyingi tulizonazo majumbani, ilikuwa ikijikagua hivyo hivyo na kupiga mlio mmoja mfupi kuashiria kwamba mambo ni shwari. Ukaguzi ukipita, programu hiyo hutafuta diski, humkabidhi kijiti mpakiaji wa Windows, naye huiamsha Windows pamoja na zile programu za kuendeshea vifaa ambazo mafundi huziita draiva. Mwisho kabisa ndipo unapoulizwa neno la siri.

Mpangilio huo una matokeo ambayo watu wengi hawayafikirii. Kompyuta ambayo haijaonyesha hata nembo ya kampuni iliyoitengeneza bado haijaifikia diski, na hivyo haijaisoma Windows hata herufi moja. Kuipiga window ili kuitibu ni sawa na kufagia sebule wakati ufunguo umevunjikia kwenye kitasa cha mlango wa nje. Vivyo hivyo kinyume chake: mashine iliyoonyesha nembo, ikafika kwenye vile vidoto vinavyozunguka ndipo ikaganda, imeshathibitisha kwamba umeme unafika, kioo kinafanya kazi, RAM imetambuliwa na mazabodi iko hai. Anayemwambia mwenye mashine hiyo anunue nyingine anapaswa kwanza kueleza kwa nini. Mahali ilipokomea panakata mashaka kwa nusu kabla bisibisi haijatolewa mkobani.

Katika hatua ile ya kwanza, ya umeme, sina mengi. Jaribu soketi nyingine na chaja nyingine ya volti ile ile. Kama ni kompyuta mpakato, chomoa chaja, toa betri ikiwa inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde 30 hivi ili mabaki ya umeme yaishe kwenye mazabodi, halafu irudishie chaja peke yake na ujaribu. Inashangaza ni mashine ngapi huamka kwa hilo tu. Ukiona betri imevimba hadi imeinua kibodi, usiijaribu wala usiibonyeze. Hiyo ni lithiamu, na ikitobolewa huwaka moto.

Hatua ya pili ndiyo yenye lugha yake. Mashine ikishindwa ukaguzi, kioo hubaki cheusi kwa kuwa huenda hata picha haijaandaliwa, kwa hiyo hutumia milio au taa. Kwenye BIOS za Award za miaka ile, mlio mrefu mmoja ukifuatiwa na miwili mifupi ulimaanisha kadi ya picha. Mpakato nyingi za HP hupepesa taa ya Caps Lock kwa idadi maalumu, na za Dell hupishanisha taa ya njano na nyeupe. Kila kampuni ina hesabu yake na kila moja imeichapisha kwenye kitabu cha mashine. Kinachotakiwa kwa mwenye kompyuta ni kuhesabu tu, aandike: tatu, kituo, kisha tano. Namba hiyo aliyoandika kwenye kikaratasi ina faida kwa fundi kuliko maelezo ya nusu saa kwamba jana ilikuwa nzima. Na tukiwa hapo, RAM ndiyo ya kushukiwa mapema, hasa kwetu tunaoishi karibu na bahari. Hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja ina chumvi na unyevu, navyo huacha utando kwenye meno ya shaba ya kadi ya RAM hadi yasigusane vizuri na mazabodi. Mafundi wetu wanaijua dawa yake, wala haihitaji programu: wanaichomoa RAM, wanayasugua meno kwa raba ya kufutia penseli, wanaipuliza vumbi na kuirudisha mpaka isikike ikishika. Huo ni ufundi wa kuheshimiwa, na umezaliwa na kutazama.

Sasa nataka kukaa kidogo kwenye kitu kidogo kuliko vyote, kwa sababu kinaonyesha vizuri jinsi chanzo kinavyoweza kuwa mbali na dalili. Ndani ya kompyuta nyingi kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032. Jina lake ni vipimo vyake: kipenyo cha milimita 20, unene wa milimita 3.2. Ina volti 3 na kazi yake ni kuifanya saa ya mashine iendelee kutembea wakati umeme haupo, na kwa mashine za zamani pia kuhifadhi mipangilio ya BIOS. Hudumu miaka, kisha hufa kimyakimya. Dalili ya kwanza ni tarehe kurudi nyuma miaka kadhaa. Mwenye kompyuta haioni tarehe, anachoona ni kwamba tovuti za benki na barua pepe zinakataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika; analaumu intaneti. Dalili ya pili ni nzito zaidi. Mipangilio inapopotea, BIOS hurudi ilivyotoka kiwandani. Ikiwa Windows ilipakiwa wakati diski imepangwa kusomwa kwa njia moja, na sasa mashine imerudi kuisoma kwa njia nyingine, Windows huanza kuamka, haioni diski yake yenyewe, na hutoa kioo cha bluu chenye maneno kwamba kifaa cha kuwakia hakifikiki. Au mashine hutangaza kwamba haina diski kabisa. Diski ni nzima. Windows ni nzima. Mafaili yote yapo. Kilichokufa ni betri inayouzwa kwenye duka lolote la saa. Kuipiga window mashine hiyo kutaonekana kumefaulu, maana Windows mpya itapakiwa kwa kufuata mipangilio hiyo ya kiwandani, na fundi na mteja wataagana kwa furaha. Hakuna atakayejua kwamba mafaili yalifutwa bure.

Huenda kuna anayesema hiyo ni hali ya nadra niliyoichagua ili nishinde hoja. Basi tuchukue tukio ambalo dunia nzima ililiona. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Marekani, CrowdStrike, ilisambaza sasisho dogo kwa mashine za Windows za wateja wake. Ndani ya sasisho hilo kulikuwa na faili lililoifanya programu itafute kipengele cha 21 ilhali ilikuwa imepewa 20 tu. Ikasoma mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu na kuiangusha Windows nzima. Kwa kuwa programu hiyo huamka pamoja na Windows, kila mashine ilipojiwasha tena ilianguka tena. Sasisho liliondolewa baada ya dakika 78, lakini Microsoft ilikadiria kwamba mashine milioni 8.5 zilikuwa zimeshapatwa. Ndege zilikwama, hospitali zikaahirisha huduma. Na tiba ilikuwa nini? Kuiamsha kompyuta kwa hali salama, yaani ile hali ya kuwaka na vitu vya lazima tu, au kuingia kwenye mazingira ya matengenezo ya Windows, kisha kufuta faili moja ambalo jina lake lilianza na C-00000291, na kuwasha tena. Faili moja. Dalili zake zilikuwa zile zile ambazo kwetu hupigiwa window bila swali: kioo cha bluu, inajiwasha, inaanguka, inajiwasha. Waliojua kwamba mashine inakwamia kwenye hatua ya draiva, wala haikwamii kwenye diski, waliziponya na kila kilichomo kikabaki.

Ni kweli zile zilikuwa kompyuta za makampuni na siyo ile ya mezani kwako. Lakini mlango uliotumika upo hata kwenye ya mezani kwako. Windows 10 na 11 zikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, huingia zenyewe kwenye mazingira hayo ya matengenezo, penye kioo cha bluu mpauko chenye machaguo. Hapo unaweza kuondoa sasisho la mwisho, kuirudisha mashine kwenye hali ya siku iliyopita kama kulihifadhiwa kituo cha kurejea, au kuchagua hali salama. Ikiwaka kwa hali salama na kugoma kwa kawaida, mkosaji karibu kila mara ni draiva au programu iliyoongezwa juzi, na swali la fundi mzuri huwa ni moja: umeweka nini kipya? Na kuna jambo ambalo hata watumiaji wazoefu hulikosa. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuchagua kuzima hakuzimi kila kitu. Kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kesho kiamke haraka, pamoja na kosa lake kama kinalo. Anayezima na kuwasha mara kumi anaweza kuwa anairudisha hitilafu ile ile mara kumi. Kuchagua kuanza upya ndiko kunakoisafisha.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la mafundi wenyewe. Wanasema: mteja anakuja na bei kichwani, anataka mashine jioni, na hataki kulipia kufikiri. Kupiga window kunachukua muda unaojulikana na bei yake inajulikana mtaani. Kutafuta chanzo kunaweza kula siku nzima, na mwisho wake ukawa kubadilisha betri ya sarafu ambayo mteja ataona anadaiwa pesa nyingi kwa kitu kidogo. Kunakili mafaili kutoka kwenye diski iliyochoka nako ni kazi ya saa nyingi. Wanasema kweli. Lakini tazameni kinachofuata kutokana na ukweli huo: desturi ya kufuta haikuzaliwa na ujinga wa fundi, imezaliwa na jinsi tunavyomlipa. Hospitalini tunalipa kumwona daktari kabla ya dawa, na hakuna anayedai arudishiwe pesa eti kwa sababu daktari amesema ni mafua tu. Gereji nazo hulipisha upimaji. Fundi wa kompyuta peke yake ndiye tunayetaka achunguze bure na ajilipe kwenye kile atakachokibadilisha. Tukimwekea ada ya uchunguzi, hata ndogo, inayolipwa iwe kasoro imepatikana au la, tutakuwa tumempa sababu ya kutazama kabla ya kufuta. Nami naomba mafundi waianzishe wao, waiandike ukutani, kwa kuwa mteja akiona imeandikwa huizoea.

Wengine husema ni virusi, na virusi dawa yake ni kufuta kila kitu. Siwapingi kwenye nusu ya pili. Mashine iliyovamiwa vibaya ni heri ipakiwe upya, na zipo hali nyingine pia ambazo Windows imechakaa kiasi kwamba kuitengeneza ni kupoteza siku. Ninachopinga ni mfuatano. Flashi yenye Ubuntu, mfumo endeshi usiolipiwa uliotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004, inaweza kuiwasha kompyuta bila kugusa diski yake kabisa. Unafungua folda, unanakili picha na nyaraka kwenye diski ya nje, na kabla ya kuzifungua unazipitisha kwenye programu ya kukagua virusi. Baada ya hapo fundi na apige window apendavyo. Hapo haipotei ila Windows, na hiyo tunayo nyingine.

Lipo onyo ambalo siwezi kulikwepa, kwa sababu hapa wenye tahadhari wana haki kuliko mimi. Mwenye nyumba anaweza kuharibu. Kuikata umeme kompyuta inayosasisha kwa kudhani imeganda kunaweza kuifanya isiwake kesho. Kufungua kile kiboksi cha umeme cha kompyuta ya mezani ni hatari kwa mwili, maana ndani yake kuna kapasita zinazoweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani. Na ukisikia diski ikigonga, tak, tak, tak, hapo acha kila kitu. Diski ya aina ya zamani ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa umbali usioonekana kwa jicho. Mlio huo ni kichwa kinachohangaika kutafuta njia. Kila unapoiwasha tena ili kujaribu bahati, huenda kinakwangua utando wenye picha zako. Hapo ujasiri ni kuzima, na kumtafuta mtu mwenye vifaa vya kuokoa data.

Jambo la mwisho ni jipya kiasi, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kwa miaka inayokuja. Zamani, mashine ikifa kabisa, fundi aliichomoa diski na kuisomea kwenye kompyuta nyingine. Njia hiyo inazibika. Kompyuta nyingi mpya zenye Windows 11 hufunga diski kwa usimbaji mara tu mwenyewe anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila yeye kuomba, na ni ulinzi mzuri dhidi ya mwizi. Lakini mazabodi ikifa, au hata mipangilio ya BIOS ikibadilika, mashine huomba ufunguo wenye tarakimu 48, na bila huo hata fundi bingwa haoni kitu. Wakati wa tukio lile la Julai 2024, hizo tarakimu ziliwachelewesha wengi. Ufunguo wako umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, sehemu ya vifaa. Ingia leo kwa simu, wakati kompyuta bado inawaka na neno la siri la akaunti bado unalikumbuka, uzinakili tarakimu zote 48 kwa kalamu kwenye karatasi, uzihakiki mara mbili, na uandike kando ni za kompyuta ipi. Karatasi hiyo ikae pamoja na vyeti vya kuzaliwa na hati ya kiwanja. Isikae kwenye begi la kompyuta, maana atakayeliiba begi atakuwa amechukua kufuli na ufunguo wake.